Anayetia Ganzi Hushika Zamu

Mtu anayekwenda kuchorwa nyusi kwa sindano, kufutwa tatuu kwa leza au kuondolewa vinyweleo vya kidevuni amekubali kuumia kwa hiari yake. Hakupelekwa na homa wala ajali. Ndiyo maana suala la kumpaka krimu ya ganzi kabla ya kazi kuanza, ambalo kwa muuza dawa ni la bei na asilimia tu, linageuka zito likifikishwa mbele ya dini na falsafa: maumivu ambayo mtu ameyafuata mwenyewe, je, ni halali kuyazima? Wapo wanaojibu kwamba urembo una gharama yake, na asiyetaka kuumia abaki na sura aliyojaliwa na Mungu. Wapo wanaojibu kwamba maumivu ni adui mtupu, kwa hiyo krimu bora ni ile iliyo kali kuliko zote. Naamini pande zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Moja inayatazama maumivu kama bei ya kulipwa, nyingine kama bei ya kukwepwa, na hakuna inayouliza yanafanya kazi gani mwilini na nani ataifanya kazi hiyo yakishanyamazishwa.

Gisenyi ni mahali panapofaa kuuliza. Mji huu wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda umepakana na Goma ya Kongo nyumba kwa nyumba, na kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, huvuka kwa miguu wakiwa na mboga, samaki, nguo na vipodozi. Mwishoni mwa 2018 Rais Paul Kagame aliandika hadharani kwamba kuchubua ngozi ni hatari kwa afya, akaitaka Wizara ya Afya na polisi walishughulikie haraka. Mapema 2019 maofisa walipita madukani wakikusanya mukorogo wenye haidrokwinoni na zebaki. Tangu hapo polisi ya Rwanda imetangaza mara kwa mara kukamata vipodozi vya marufuku vikivushwa kutoka Kongo. Kwa hiyo mtu wa mpakani hahitaji kufundishwa kwamba kopo la krimu laweza kuwa na picha nzuri mbele na uongo nyuma. Anajua pia kwamba mamlaka haziwezi kusimama kando ya kila kiti cha saluni. Sehemu kubwa ya jambo hili inabaki mikononi mwa watu wawili: anayepakwa na anayempaka.

Nianze na wanaosema maumivu yabaki, kwa sababu hoja yao ina mizizi ya imani na haistahili kupuuzwa. Rwanda ni nchi ya Kibeho, mahali ambapo wasichana wa shule walieleza kumwona Bikira Maria kuanzia 1981, na ambapo Kanisa Katoliki, kupitia Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, lilitambua ushuhuda huo tarehe 29 Juni 2001. Moja ya mafundisho yanayokumbukwa zaidi kutoka Kibeho ni kwamba mateso yana nafasi katika njia ya wokovu. Waislamu wa Gisenyi nao wamefundishwa na Mtume kwamba hakuna uchovu, ugonjwa wala hata mchomo wa mwiba unaompata muumini ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa huo baadhi ya makosa yake. Mtu akiyaweka mafundisho haya mawili pamoja, ni rahisi kufikia kwamba anayekimbia maumivu anakimbia baraka.

Lakini tuyasome vizuri. Yote mawili yanazungumzia maumivu yanayompata mtu na jinsi anavyoyapokea. Hakuna hata moja linalomwamuru mtu ayaache yaendelee pale anapoweza kuyaondoa, wala linalompa jirani yake kazi ya kumwumiza ili apate thawabu. Kanisa Katoliki lenyewe liliulizwa jambo hili waziwazi. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius wa 12 aliwajibu madaktari wa usingizi wa Italia waliotaka kujua kama Mkristo analazimika kukataa dawa ya kuondoa maumivu, na jibu lake lilikuwa kwamba halazimiki. Kuvumilia kwa hiari ni jambo la heshima, kutafuta nafuu ni halali. Karne moja kabla yake, daktari James Young Simpson wa Edinburgh, aliyeanza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaojifungua mwaka 1847, aliwajibu wapinzani wake kwa kitabu cha Mwanzo: Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Katika Uislamu kuna kanuni inayokatazia mtu kudhuru na kudhuriwa, na mafakihi wamejengea juu yake hukumu nyingi za tiba. Inasimuliwa kwamba Urwa bin Zubeir alikataa kinywaji cha kumlevya alipokatwa mguu, akaumiliki uchungu kwa dhikri. Kisa hicho kinahifadhiwa kwa sababu yeye ndiye aliyechagua. Tungekisimulia kwa namna nyingine kabisa kama daktari ndiye angemwamulia.

Wapo wanaosema mawazo haya yametoka nje, na kwamba mababu zetu walipima utu kwa uvumilivu: chale zilichanjwa bila dawa, na kijana wa jando alitakiwa asipepese jicho mbele ya ngariba. Ni kweli kwamba jando lilikuwa na somo la ujasiri, na somo hilo lilikuwa na maana kwa sababu kijiji kizima kililishuhudia na kumpokea kijana katika daraja jipya. Hata hivyo waganga wa ukanda huu hawakuwa wageni wa kupunguza maumivu. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa safarini, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mganga akimpasua mwanamke tumboni ili kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akawa nusu mlevi, na pombe hiyohiyo ilitumika kunawisha mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa. Yule mganga hakuona kwamba uchungu wa mama unaongeza utukufu wa uzazi. Na Rwanda ya leo imeshafanya uamuzi wake hata kwenye tohara. Kifaa cha PrePex, kilichofanyiwa majaribio hapa nchini na kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, kilifungwa bila sindano ya ganzi, baada ya kupakwa krimu ya ganzi. Wanaume wengi wametahiriwa hivyo, na sijasikia shehe wala padri aliyesema tohara yao imepungua.

Basi pingamizi linajikusanya upya mahali padogo zaidi. Tohara ni ibada kwa wengine na kinga kwa wengine. Kuzaa ni kuleta uhai. Lakini nyusi za kuchorwa ni ubatili, na ubatili usirahisishwe. Hapa inabidi mambo mawili yatenganishwe. Mtu anayeamini kwamba kitendo fulani ni haramu ana haki ya kusema hivyo juu ya kitendo chenyewe, na kwa upande wa Uislamu hadithi zinazolaani uchoraji wa tatuu na ung'oaji wa nyusi ni mashuhuri. Akishasema hivyo amemaliza hoja yake. Uchungu hauongezi wala haupunguzi uharamu wa tatuu. Na anayeamini kuwa kitendo ni halali hana sababu ya kukifanya kiumize zaidi ya kinavyolazimika. Isitoshe, wanaokaa kwenye kiti hicho si wote wanaofuata fasheni. Yupo mwenye kovu la moto usoni, yupo aliyezaliwa na alama nyekundu shavuni, yupo anayetaka kufuta jina alilochanjwa na mtu aliyemwonea. Nani kati yetu atapewa mizani ya kusema huyu aumie na huyu asiumie?

Wanaotegemea maumivu yawe uzio wa kuwazuia watu wasijidhuru wangetazama mukorogo. Tendo lenye madhara makubwa kuliko yote ambayo ngozi zetu hufanyiwa kwa ajili ya urembo haliumi hata kidogo linapoanza. Zebaki hupakwa usiku kwa ulaini, na huingia hadi kwenye figo. Haidrokwinoni hung'arisha uso kwa miezi kadhaa, kisha mwenye kuitumia muda mrefu huachiwa weusi wa buluu ambao hakuna sabuni ya kuuondoa. Krimu za steroidi kama klobetasoli hutuliza ngozi huku zikiikondesha mpaka mishipa ionekane. Kama maumivu yangekuwa kipimo cha ubaya, mukorogo ungekuwa kitu chema na kutoboa masikio kungekuwa dhambi. Ukweli huu unawageukia pia wale wa upande wa pili, wanaodhani penye kimya pana usalama.

Nao ndio ninaotaka kuzungumza nao sasa, kwa sababu ndio wanaoongezeka. Krimu za ganzi hazifanani. Iliyoenea zaidi hospitalini ina lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5, na ilianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1980. Hupakwa kwa tabaka nene jeupe, ikafunikwa kwa plastiki, na mtu akaketi kungoja. Baada ya saa moja ganzi imeshuka kama milimita 3 tu. Baada ya saa mbili, kama milimita 5. Plastiki ikiondolewa ngozi huonekana imepauka kwa sababu mishipa midogo imejibana. Ya pili ni jeli ya tetrakaini ya asilimia 4, inayofanya kazi ndani ya dakika 30 hadi 45 na kudumu saa kadhaa. Hii hufanya ngozi iwe nyekundu kwa kuifungua mishipa, na huamsha mzio kwa urahisi zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2006 yaliyolinganisha hizi mbili kwa watoto wanaochomwa sindano yalikuta tetrakaini ikipunguza maumivu vizuri zaidi. Ya tatu ni lidokaini peke yake ya asilimia 4, ya haraka na isiyolazimu kufunikwa. Kisha zipo za kuchanganywa, zenye asilimia 10 na zaidi, wakati mwingine dawa mbili tatu ndani ya kopo moja, na mara nyingi huuzwa kama ndizo za mabingwa.

Kwa watu wetu kuna jambo la ziada. Utafiti mdogo uliofanywa Marekani katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa lidokaini na prilokaini ulifanya kazi kwa unyonge zaidi kwenye ngozi nyeusi kuliko kwenye nyeupe. Muda wa saa moja ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo huenda usitoshe kwa mteja wa Rubavu. Asiyejua hilo, mteja anapolalamika kwamba bado anaumia, atafikiri dawa ni hafifu na kukimbilia kali zaidi, au atapaka eneo kubwa zaidi, wakati huenda kilichohitajika ni kungoja tu. Namna ganzi inavyotumika vibaya ni ya kawaida kiasi hiki. Huanza na haraka na huruma ndogo ya kutaka mteja asikunje uso.

Matokeo yake yamekwisha kuonekana. Mwezi Februari 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, kufariki. Walikuwa wamejipaka miguuni krimu kali za kuchanganywa, wakazifunga kwa plastiki, wakijiandaa kwa leza ya kuondoa vinyweleo. Dawa ile ilipenya hadi kwenye damu kwa wingi uliowasababishia degedege, na wakazimia. Machi 2024 mamlaka hiyohiyo ililazimika kuonya tena juu ya krimu zinazouzwa kwa kazi za tatuu na leza zikiwa na lidokaini kupita asilimia 4, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kuuzwa huko bila cheti cha daktari. Prilokaini na benzokaini zina hatari yao nyingine: zikizidi, damu hushindwa kubeba oksijeni, na midomo hugeuka buluu. Wanawake wale wawili hawakufa kwa maumivu. Walikufa kwa kuyaogopa, mikononi mwa biashara iliyowauzia dawa bila kuwaambia kwamba ngozi ni mlango.

Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia 1946, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kati ya wagonjwa wa ukoma, na alichokiona kinalihusu swali letu moja kwa moja. Vidole vya wagonjwa wale havikuwa vinaoza vyenyewe kama watu walivyodhani. Vilipotea kwa sababu mgonjwa alishika sufuria la moto bila kuhisi, alitembea juu ya msumari bila kuchechemea, alijisugua jeraha mpaka mfupa. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa, na hakukuwa na wa kupiga kelele. Brand alifikia hatua ya kuyaita maumivu zawadi. Mimi singefika huko, kwa sababu maumivu ya saratani iliyokwisha kuenea hayaonyi chochote ambacho mgonjwa anaweza kukifanyia kazi. Lakini maumivu ya ngozi inayochomwa ni mlinzi aliye zamu, na mlinzi akilazwa, lango bado lipo na wezi bado wapo.

Kwenye leza jambo hili linaonekana kwa macho. Mwanga wa leza hutafuta melanini, na ngozi nyeusi ina melanini juu kabisa, kabla mwanga haujafika kwenye shina la unywele. Ndiyo sababu wataalamu huchagua kwa ngozi zetu leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo melanini huimeza kwa uchache. Hata kipimo cha Fitzpatrick, kilichobuniwa mwaka 1975 na ambacho mafundi hukitumia kupangia nguvu ya mashine, kilianza na aina nne za ngozi nyeupe, na ngozi za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye. Nguvu ikizidi, mteja ambaye hajatiwa ganzi huruka na kusema inaunguza, na fundi huinua mkono. Aliyetiwa ganzi nzito hutulia na hata kushukuru. Siku ya pili anaamka na malengelenge, na baada yake madoa meusi, na kwa baadhi yetu makovu ya kuvimba yanayokua kupita jeraha lenyewe.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kuzima maumivu ya mtu aliyeyafuata mwenyewe ni halali, na mara nyingi ni tendo la huruma. Ila anayeyazima ameshika zamu yao. Kila kitu ambacho maumivu yangemwambia mteja, sasa ni juu ya fundi kukiona: rangi ya ngozi inavyobadilika, joto chini ya kidole, muda uliopita tangu krimu ipakwe, eneo lililofunikwa, usemi wa mteja unapoanza kuwa mzito. Akipaka kisha akaingia kwenye simu, au akamwachia kijana wa mafunzo, amemvua mwenzake ulinzi na kumwacha uchi. Hiyo ni khiyana ya amana hata kama siku hiyo hakuna aliyedhurika. Ubora wa krimu nao unapimwa hapa. Kati ya mbili zinazofanya kazi, iliyo bora ni ile inayomwachia anayeipaka uwezo wa kujua kilicho ndani, kiasi gani, na kwa muda gani. Krimu isiyo na maandishi, au yenye maandishi yasiyoaminika, haiwezi kuwa bora hata ikiua maumivu yote, maana hakuna awezaye kushika zamu bila kujua analinda nini.

Atakayeuliza uhuru wa mtu uko wapi ana haki ya kujibiwa. Mtu mzima ni mwenye mwili wake, na akitaka krimu kali ni hiari yake. Sawa, lakini hiari inataka kujua, na mteja aliyeketi hana njia ya kujua. Anaona kopo na anaona uso wa anayempaka. Uhuru wake wote umeegemea ukweli wa mtu mwingine. Kisha, tofauti na hiari nyingine, hii ikishatekelezwa humnyang'anya kile ambacho angeweza kubadilisha nacho mawazo. Anayebeba mzigo mzito huutua ukimwumiza. Aliyetiwa ganzi hana taarifa ya kumfanya aseme basi.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonigusa zaidi: kwamba ni aibu kujadili uchungu wa nyusi wakati wagonjwa wa saratani katika nchi nyingi za ukanda huu hufa wakilia kwa kukosa mofini. Aibu hiyo ipo. Lakini tazama nchi zilizochukua hatua. Uganda, ambako Hospice Africa ilianzishwa mwaka 1993, ilionyesha kwamba mofini ya maji ya bei nafuu inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani, na Rwanda ilipitisha sera yake ya tiba shufaa mwaka 2011. Kikwazo hakikuwa pesa peke yake. Kulikuwa na imani kwamba kuvumilia ndiko kufa vizuri, na hofu kwamba dawa ya maumivu ni sumu au ulevi. Imani ile na hofu ile ndizo hizihizi zinazogombana juu ya kiti cha saluni. Jamii inayokubali kwamba maumivu si deni, na wakati huohuo inakubali kwamba dawa kali yataka mtu wa kukesha nayo, itamtendea haki mgonjwa wa saratani na mwenye kovu la moto pia.

Kwa Gisenyi hasa, ulinzi huu una ugumu ambao vitabu vya Ulaya haviutaji. Mteja anayeingia kutaka leza au sindano za nyusi huenda alitumia mukorogo kwa miaka. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi hunyonya ganzi haraka na kwa wingi kuliko ngozi nzima, na kipimo kilicho salama kwa dada yake kinaweza kumzidi yeye. Lakini akiulizwa atakana, kwa sababu alilinunua kopo lile kwa siri na ameona polisi wakiyachoma yanayofanana nalo. Swali analopaswa kuulizwa halina budi kuulizwa mlango ukiwa umefungwa, bila wateja wengine wanaosubiri kwenye benchi, na kwa ahadi ya kweli kwamba jibu halitatoka nje. Na asipojibu, au jibu likiwa na mashaka, fundi apake kwanza kipande kidogo kisichozidi sarafu, angoje, aitazame ngozi. Ikiwa inawaka au imechanika, aifute krimu na kuahirisha kazi, hata kama mteja amekwisha kulipa na anasisitiza kwamba hasikii kitu.